Probiotiki na virutubisho nyongeza kwa utumbo wenye mchochota: kipi kinaendana na kipi

Katika maduka ya dawa ya Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, na kwenye mabegi ya wauzaji wanaopita nyumba hadi nyumba, siku hizi hakukosekani kikopo kinachosemwa kuwa ni cha kusafisha tumbo. Vingine vina bakteria hai, vingine vina vitamini na madini, na vingine vina vyote hivyo pamoja na unga wa mizizi na majani. Kwa kuwa kazi yangu ni ya lishe, na kwa kuwa watu wa Kigoma hawaoni taabu kumsimamisha mtu wa afya sokoni wakamweleza habari za tumbo, swali moja limekuwa likinirudia: je, mtu mwenye mchochota wa utumbo, yaani utumbo uliovimba na kuwaka, akitumia probiotiki, yaani bakteria hai wenye faida, pamoja na virutubisho nyongeza atapata nafuu zaidi kuliko akitumia kimojawapo? Nimeamua kulijibu kwa maandishi, kwa sababu jibu ninalolitoa nikiwa nimesimama kati ya meza za nyanya na dagaa halitoshi. Yapo yanayosaidiana, yapo ambayo kuyaunganisha hakuongezi chochote, na kipo kirutubisho kimoja ambacho kikitumiwa peke yake, hasa kwa watoto, kinaweza kuuongeza mchochota uleule tunaotaka kuupunguza.

Ukuta wa ndani wa utumbo umefunikwa na safu moja tu ya seli, na juu ya seli hizo kuna ute. Upande mmoja wa ute huo wanaishi bakteria wengi mno, na upande wa pili zimejipanga chembe za kinga za mwili. Ute ukipungua na seli zikaanza kuachana, vipande vya bakteria hupenya, chembe za kinga huamka kupambana navyo, na mapambano hayo ndiyo yanayoleta wekundu, uvimbe, maumivu, kuharisha na wakati mwingine damu kwenye choo. Bakteria wenye faida huulinda ukuta huo kwa njia kadhaa, na iliyo muhimu kuliko zote kwa mada hii ni kwamba wanapochachusha nyuzinyuzi ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya, hutoa asidi iitwayo butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za utumbo mpana. Bakteria anayemezwa kwenye kidonge na kufika mahali ambapo hakuna nyuzinyuzi hana cha kuchachusha, na seli zinazomtegemea hazipati kitu. Ndiyo maana mwaka 1995 Glenn Gibson na Marcel Roberfroid walipoieleza dhana ya prebiotiki, yaani chakula cha bakteria hao, walizungumzia papo hapo pia muungano wa probiotiki na prebiotiki, ambao leo huitwa sinbiotiki.

Kabla ya muungano wowote, hata hivyo, ni lazima kijulikane kilichouchochea utumbo. Hapa kwetu kando ya Ziwa Tanganyika, choo chenye damu kinaweza kuwa amiba, kinaweza kuwa kichocho cha tumbo kilichopatikana kwa kuogelea au kufua ziwani, kinaweza kuwa bakteria wa kuhara damu, na mara chache kinaweza kuwa kifua kikuu kilichoshika utumbo, ambacho hata kwa daktari mzoefu hufanana sana na ugonjwa wa Crohn. Kolaitisi ya vidonda na ugonjwa wa Crohn, yaani mchochota wa kudumu unaotokana na mwili kujipiga wenyewe, nayo ipo Tanzania, ingawa wengi huzunguka muda mrefu kabla ya kupimwa kwa kamera ya utumbo. Hakuna probiotiki inayoua kichocho. Prazikwanteli inakiua, na ni dawa iliyozoeleka hapa nchini. Mtu anayekunywa vidonge vya bakteria huku mayai ya kichocho yakiendelea kupasua ukuta wa utumbo wake anajenga na kubomoa kwa wakati mmoja.

Mama mmoja wa Gungu, aliyenizidi umri kwa mbali, alinifuata nyumbani akiwa na kikapu. Baada ya shikamoo na habari za wajukuu, alivipanga vitu vyake mezani kimoja kimoja: kikopo cha vidonge vya bakteria, vidonge vya chuma, mafuta ya samaki, unga wa manjano, na chupa ya vitamini mchanganyiko. "Mwanangu," aliniambia, "hivi vyote ni vya tumbo, na tumbo bado linaniwaka." Kikopo cha bakteria kilikuwa kimeandikwa kihifadhiwe kwenye ubaridi wa nyuzijoto 2 hadi 8, naye alikuwa akikiweka kwenye kizingiti cha dirisha linalotazama ziwani, ambako jua la mchana na jioni humiminika lote, karatasi ya kubandika ilikuwa imepauka, na vidonge vya ndani vilikuwa vimeshikamana. Chini kabisa ya kikapu palibaki kipande cha karatasi ya diklofenaki, ambacho hakukipanga mezani. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba hivyo havihusiki, mwanangu, hivyo ni vya magoti, na anavinywa kila siku. Diklofenaki na dawa za jamii yake, ikiwemo ibuprofeni, huweza kuuchubua utumbo wa chini kama zinavyouchubua mfuko wa tumbo. Nilimwandikia orodha ya kila alichokuwa akimeza, dawa ya magoti ikiwa ya kwanza, aende nayo hospitali apimwe choo na wingi wa damu, na amwombe daktari ambadilishie dawa ya maumivu. Vikopo vingine vyote vilikuwa jambo la baadaye.

Kisa hicho kinaonyesha pia ugumu wa probiotiki yenyewe. Tafsiri iliyokubaliwa na wataalamu wa FAO na WHO mwaka 2001 inasema ni vijidudu hai ambavyo vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha humpa mtumiaji faida ya kiafya. Vidonge vilivyopikwa na jua dirishani havina uhai wa kutosha wala kiasi cha kutosha. Zaidi ya hapo, faida hutegemea aina mahsusi ya kijidudu. Mwaka 1917 daktari Mjerumani Alfred Nissle alitenga aina ya E. coli kutoka kwa askari ambaye hakuugua wakati wenzake wakiangushwa na ugonjwa wa kuharisha. Aina hiyo hiyo, inayobeba jina lake hadi leo, imelinganishwa na dawa ya mesalazini kwa wagonjwa wa kolaitisi ya vidonda waliokwisha kupata nafuu, na ikaonekana kuwazuia wasirudie kuugua kwa kiwango kinachokaribiana na dawa. Mchanganyiko mmoja wa aina nane za bakteria nao ulionyesha faida katika majaribio ya kolaitisi hiyo. Kwa ugonjwa wa Crohn, majaribio ya probiotiki hayajatoa matokeo ya kutia moyo. Chama cha wataalamu wa njia ya chakula cha Marekani kilipotoa mwongozo wake mwaka 2020, kilishauri kwamba kwa kolaitisi ya vidonda na kwa Crohn, probiotiki zitumike ndani ya majaribio ya kitabibu tu. Muuzaji anayekuambia kwamba probiotiki yake inaponya mchochota wa aina zote hajasoma mwongozo huo, au ameusoma akaufumbia macho.

Sasa niingie kwenye madini ya chuma, ambayo ndiyo sababu kubwa ya kuandika makala haya. Mtu anayepoteza damu kwa njia ya utumbo huishiwa chuma, na mtoto anayeharisha mara kwa mara huwa vivyo hivyo, kwa hiyo chuma huonekana kuwa kirutubisho cha kwanza kumpa. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya chuma kinachomezwa hainyonywi. Huendelea mpaka utumbo mpana, na huko bakteria wengi wanaosababisha magonjwa hukigombania kwa sababu hukihitaji ili waongezeke. Laktobasili, ambao ni bakteria wenye faida, hukihitaji kidogo sana au hawakihitaji kabisa. Ukimwaga chuma kingi kwenye utumbo ambao tayari una wadudu wabaya, unawapa nguvu wao kuliko wengine.

Jambo hili lilipimwa karibu nasi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kwenye jarida la Gut, watoto wachanga nchini Kenya walichanganyiwa unga wa virutubisho kwenye uji wa mahindi kwa miezi minne, baadhi unga wenye chuma na baadhi unga usio na chuma. Kwa waliopata chuma, bakteria wa kundi la enterobakteria waliongezeka, wakiwemo E. coli wa kuharisha, na kalprotektini kwenye kinyesi, ambayo ni protini ya chembe za kinga na ndiyo kipimo cha mchochota wa utumbo, ilipanda. Hawakuwa watoto wa Ulaya wanaokunywa maji safi ya bomba. Walikuwa watoto wanaokula uji kama wa kwetu, katika mazingira yanayofanana na vitongoji vyetu. Miaka miwili baadaye, mwaka 2017, jarida hilohilo lilichapisha utafiti mwingine wa Kenya ambao uliongeza kitu kimoja kwenye unga huo: gramu 7.5 za galakto-oligosakaridi, prebiotiki inayotengenezwa kutokana na sukari ya maziwa, pamoja na miligramu 5 za chuma kwa siku. Sehemu kubwa ya madhara ya chuma kwenye utumbo ilizuilika. Bifidobakteria na laktobasili walibaki wengi, na jeni za sumu za vimelea wabaya zilikuwa chache kuliko kwa watoto waliopewa chuma bila prebiotiki.

Ninauthamini utafiti huu kuliko matangazo yote ya vikopo, kwa sababu unaonyesha muungano wenye sababu inayoeleweka: kirutubisho ambacho mtoto anakihitaji kweli kimewekwa pamoja na chakula cha bakteria wanaouzuia ubaya wake. Haina maana kwamba mzazi aache kumpa mtoto mwenye upungufu wa damu chuma alichoandikiwa na daktari, kwa maana upungufu wa damu nao huua na hudumaza akili. Maana yake ni kwamba chuma kisitolewe kiholela kwa mtoto anayeharisha bila kupimwa, na kwamba kikitolewa, chakula chake kisikose nyuzinyuzi na maziwa ya mama, ambayo yana wingi wa sukari zinazolisha bifidobakteria. Kwa watu wazima wenye kolaitisi au Crohn iliyowaka, miongozo ya Ulaya inapendekeza chuma cha kudunga kwenye mshipa pale damu inaposhuka chini ya gramu 10 kwa desilita, ili kisipite kabisa kwenye utumbo uliojeruhiwa.

Wapo watakaosema kwamba basi dawa ni kumpa kila mtu sinbiotiki. Matokeo hayasemi hivyo. Nchini Malawi, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la Lancet uliwapa watoto 795 wenye utapiamlo mkali chakula cha tiba, nusu yao kikiwa kimeongezwa sinbiotiki yenye bakteria wengi, na kupona kwao utapiamlo hakukutofautiana. Kwa upande mwingine, katika jimbo la Odisha nchini India, watoto 4,556 waliozaliwa na uzito wa kuridhisha walifuatiliwa, na waliopewa Lactobacillus plantarum pamoja na prebiotiki kwa siku 7 tangu siku za mwanzo za maisha walipata maambukizi ya damu au kufariki kwa asilimia 5.4, ilhali wenzao ilikuwa asilimia 9. Moja ya yaliyotofautiana ni mwili uliopokea: mtoto mchanga ambaye utumbo wake ndio unaanza kupata wakazi, na mtoto aliyekwisha dhoofika, mwenye maambukizi mengi na antibiotiki mwilini.

Zinki haina utata mwingi. Mwaka 2004 WHO na UNICEF walishauri mtoto anayeharisha apewe zinki miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14, pamoja na maji ya ORS. Zinki husaidia seli za utumbo kujijenga upya, na vidonge hivyo hupatikana hata kwenye zahanati za vijijini. Wengi huacha mara kuhara kunapokoma, siku ya tatu au ya nne, na hilo hunisikitisha, kwa sababu siku zinazobaki ndizo zinazompunguzia mtoto kurudiwa na kuhara katika miezi inayofuata.

Kwa mtu mzima aliyethibitishwa kuwa na mchochota wa kudumu, virutubisho vingine huchaguliwa kwa kuangalia dawa anazotumia na sehemu ya utumbo iliyoathirika. Sulfasalazini hupunguza unyonywaji wa foliki asidi, hivyo foliki huongezwa. Predinisoloni ikitumiwa kwa muda mrefu hula mifupa, hivyo kalisiamu na vitamini D. Crohn iliyoshika mwisho wa utumbo mwembamba huzuia vitamini B12 kunyonywa, na mara nyingi sindano ndiyo suluhisho. Mafuta ya samaki yalijaribiwa kwa wagonjwa wa Crohn katika majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa mwaka 2008, na hayakuwazuia kurudiwa na ugonjwa. Kiini cha unga wa manjano kilionyesha matumaini kwa kolaitisi ya vidonda katika utafiti mdogo wa mwaka 2015, lakini kwa dozi ya gramu 3 kwa siku pamoja na mesalazini, kiasi ambacho kijiko cha manjano kwenye mchuzi hakikikaribii.

Hapo ndipo ninapotaka tuliangalie jiko la Kigoma. Maharage ya Kasulu, ndizi, na muhogo vina nyuzinyuzi na wanga sugu, yaani wanga unaoukwepa utumbo mwembamba ukawafikia bakteria, na wanga huo huongezeka chakula kikipoa baada ya kuiva. Dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa yao wana kalisiamu, zinki na chuma kilichomo ndani ya chakula. Wanunuliwe wale waliokaushwa kwenye chanja badala ya mchanga. Mawese mekundu yana beta-karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, inayohitajika na ukuta wa utumbo, mradi yasichomwe mpaka yakawa meupe. Ugali wa muhogo uliovundikwa umechachuka, lakini moto wa kuusonga umekwisha kuua bakteria wote, kwa hiyo usihesabiwe kuwa probiotiki. Probiotiki ya jikoni ni ile inayoliwa bila kupikwa tena: mtindi, na togwa ambayo kimea chake kiliwekwa baada ya uji kuiva na kupoa.

Ushahidi wa karibu zaidi kuhusu vyakula vya namna hii ulitoka Kilimanjaro. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2025 kwenye jarida la Nature Medicine, vijana 77 wa kiume wenye afya walibadilishiwa chakula: waliozoea chakula cha asili cha kijijini walipewa cha kizungu kwa wiki mbili, waliozoea cha kizungu wakapewa cha asili, na kundi la tatu lilikunywa mbege kwa wiki moja. Chakula cha kizungu kiliongeza viashiria vya mchochota kwenye damu, cha asili kilivipunguza, na kinywaji cha ndizi zilizochachushwa nacho kilivipunguza. Simshauri mtu mwenye vidonda vya utumbo anywe pombe. Ninachokiona hapo ni kwamba uchachushaji na nyuzinyuzi za vyakula vyetu vina nguvu inayopimika maabara. Tena kule Mwanza, mwaka 2004, akina mama wa Mabatini walianza kutengeneza mtindi wenye Lactobacillus rhamnosus GR-1, wakishirikiana na chuo kikuu kimoja cha Kanada na taasisi ya utafiti wa magonjwa ya hapa nchini, na majirani wakaununua kama chakula cha kawaida.

Mtindi wa nyumbani ninaufanya hivi. Maziwa yanachemshwa mpaka yafure, yanashikwa kwenye moto dakika kadhaa, kisha yanaachwa yapoe hadi kidole safi kilichowekwa ndani kistahimili joto bila kuungua. Maziwa mabichi yasigandishwe kamwe, kwa sababu ya homa ya kutupa mimba inayotoka kwa ng'ombe. Kijiko cha mtindi mzuri wa jana, usiotiwa sukari, kinakorogwa humo, sufuria inafunikwa na kufungwa kwa kanga nzito, na asubuhi huwa umeshika, ukikatika kwa kijiko kama vipande laini na maji yake ya kijani hafifu yakitoka pembeni. Maji hayo yasimwagwe. Mtindi ukitoa harufu ya chachu kali au ukitanda utando wa rangi, utupwe.

Bakuli la mtindi na maharage au ndizi katika mlo uleule ni sinbiotiki ambayo mtu mwenye tumbo lililotulia anaweza kuianza leo. Aliye katikati ya kuwaka, anayeharisha damu, au ambaye utumbo wake umebana kwa makovu, asijilishe maharage na maganda kwa wingi. Nyuzinyuzi zake zirudishwe taratibu, kwa ndizi zilizoiva na uji laini kwanza, kwa kufuata maelekezo ya daktari. Anayetaka kuongeza kidonge cha probiotiki asome kwenye kikopo jina kamili la aina ya bakteria, idadi ya chembe hai, tarehe ya mwisho na namna ya kukihifadhi, na aongeze kitu kimoja kwa wakati mmoja, akisubiri wiki kadhaa kabla ya kuongeza kingine, la sivyo hatajua kilichomsaidia wala kilichomdhuru. Kidonge cha bakteria kitengwe na antibiotiki kwa angalau saa mbili. Chachu ya Saccharomyces boulardii haiuawi na antibiotiki, lakini dawa za fangasi kama flukonazoli zinaiua. Zinki, chuma, kalisiamu na hata maziwa yenyewe hushikana na antibiotiki ya siprofloksasini na kuipunguzia nguvu, kwa hiyo navyo vitumiwe mbali na saa ya dawa hiyo. Watoto njiti, watu ambao kinga yao imeshuka sana, na wagonjwa waliolazwa wakiwa na mpira kwenye mshipa mkubwa wasipewe bakteria hai bila amri ya daktari. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu watoto njiti baada ya bakteria wa kwenye bidhaa kama hizo kuingia kwenye damu yao.